Maswali ya kamera: Sakitu haipo Mtwara, chumvi ipo

Kuna picha za majani ya Ulaya yaliyoota miiba ya barafu zinazunguka kwenye simu za watu, na sasa kila mwenye kamera kati ya Kilwa na Nanyumbu anataka sakitu, yaani barafu hiyo ya majani, ya kwake. Maswali ya safari hii karibu yote yametokea huko. Wengine nitawajibu kwa mkato, msinune.

Shikamoo. Naomba ushauri, simu gani ni nzuri kwa picha za karibu? (Kijana, Masasi)

Marahaba. Uliyonayo. Swali hili huja kila mwezi kutoka kwa mtu ambaye bado hajaisumbua simu aliyonayo. Na muuzaji akikusifia "kamera ya makro" ya megapikseli 2 iliyobandikwa nyuma ya simu ya bei nafuu, jua amekuuzia pambo. Kamera kuu ya simu hiyohiyo, ukirudi nyuma kidogo kisha ukakata picha baadaye, inaishinda. Kama hela inakuwasha, tafuta kilenzi cha kubana juu ya kamera, kile cha kioo, si cha plastiki.

Kaka, nimepiga picha ya sakitu kwenye mikorosho hapa Newala, asubuhi ya mwezi wa saba. Majani machanga na maua yote meupe. Naomba uione usifie. (Mkulima, Newala)

Nimeiona, ndugu yangu, na badala ya kukusifia nakuhimiza: kimbia shambani. Baridi ya Newala mwezi wa saba inamvalisha mtu sweta, lakini haifiki nyuzi sifuri, na bila sifuri hakuna sakitu. Ulichopiga ni ubwiri unga, ugonjwa wa mimea unaoletwa na ukungu (kuvu). Ukungu huo unapenda usiku wa baridi kidogo wenye unyevu, na unashambulia majani machanga na maua wakati uleule mkorosho unapotaka kuzaa. Ukuze picha yako uone: hakuna kona, hakuna kinachometa, ni unga na nyuzinyuzi. Barafu ina kingo. Kidole nacho kitakwambia, maana sakitu huyeyuka ukiigusa na ubwiri hupaka.

Inawezekana pia ni salfa, dawa ya unga ya ubwiri huo, iliyopulizwa na jirani. Kama ni hiyo, ondoka hapo na kamera yako. Vumbi la salfa linawasha macho na kifua, na linaingia kwenye pete za lenzi. Kila msimu naona vijana wanasimama mbele ya mashine ya kupulizia ili wapate picha ya "moshi". Acheni. Na wewe mkulima, picha yako ni kali na inaonyesha dalili vizuri, basi mpelekee bwana shamba au watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele kabla hujaipeleka kwa marafiki.

Picha zangu zote zina ukungu, tatizo ni nini? (Muuza samaki, Lindi mjini)

Futa lenzi.

Kaka, habari za kazi. Mwezi wa saba nakwenda Njombe kumwona mwanangu. Nifanyeje nipate picha ya sakitu ya kweli? (Mama, Nachingwea)

Nzuri, dada. Wewe ndiye uliyeuliza vizuri, maana unaifuata iliko. Ukiweza fika Makete, na ukiweza zaidi panda uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Subiri usiku wa anga jeupe lisilo na wingu na upepo uliotulia. Wingu hufanya kazi ya blanketi, na upepo huchanganya hewa ya chini na ya juu. Vyote viwili visipokuwepo, ardhi inapoteza joto lake moja kwa moja kwenda angani na mvuke ulio hewani unageuka barafu juu ya majani bila kupitia hali ya maji. Usidanganywe na kipimajoto kilichofungwa usawa wa kifua kikasema nyuzi 2 au 3, kwani nyasi chini zinaweza kuwa zimeshapita sifuri. Hewa baridi ni nzito, hivyo tafuta bondeni.

Uwe nje kabla jua halijachomoza. Tafuta jani lenye vinyweleo, kwa kuwa barafu huanza kujenga kwenye kingo na vinywele, kisha kaa upande ambao jua litatokea nyuma ya jani. Mwanga wa kwanza ukipita ndani ya miiba ile una dakika chache tu, halafu yamekwisha. Geuza uso unapopumua, pumzi yako peke yake inaiyeyusha. Betri ya akiba ikae mfukoni karibu na mwili, maana baridi huifanya ionekane imekwisha. Ukirudi ndani kwenye moto, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje na uiache ipate joto taratibu, la sivyo maji yatatanda juu ya kioo na ndani yake.

Jambo moja hukuliuliza. Shamba lile ni la mtu, na sakitu hiyo huenda imemuunguzia viazi usiku huohuo. Mwombe ruhusa, na usishangilie.

Nikipiga chumvi yetu nikaandika "sakitu ya Mtwara" kuna ubaya gani? Watu watapenda. (Msomaji, Mikindani)

Ubaya ni kwamba ni uongo, na ni uongo wa kizembe. Chembe ya chumvi ni mchemraba, pembe zake ni mraba. Barafu hufuata sita, na ndiyo maana nyota ya theluji ina mikono sita. (Zile za mikono minane mnazonitumia zimetengenezwa na kompyuta, msiniulize tena zimepigwa kwa lenzi gani.)

Mwenye mashaka ana njia ya kukuumbua. Aweke kipande chembamba cha barafu juu ya kioo mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta mpakato, avae miwani ya jua ya polaroidi, kisha akizungushe kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Barafu itatoa rangi. Chumvi itabaki gizani.

Mkulima Wilson Bentley wa Jericho, Vermont, huko Marekani, alifunga kamera kwenye hadubini na Januari 1885 akapata picha ya chembe ya theluji. Mpaka anafariki mwaka 1931 alikuwa na picha zaidi ya 5,000. Yeye alikwangua tu negativu kuzunguka chembe ili nyuma pawe peusi, na bado Mjerumani Gustav Hellmann, mtu wa hali ya hewa, alimlaumu kwa hilo. Wewe unataka kubadilisha kitu chenyewe! Andika "chumvi, Mikindani". Wa Ulaya ndio watakaoshangaa.

Basi tufundishe hiyo chumvi inapigwaje. (Wapiga picha wawili, Shangani)

Haya. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Yakishaingizwa kwenye jaruba, kibwawa cha kuanikia chumvi, wakati wa bamvua, jua linayala mpaka yabaki sehemu ya kumi hivi ndipo chumvi yenyewe inaanza kuonekana. Mkienda mapema mtakuta matope na jasi, mtalalamika bure. Muulizeni mwenye shamba jaruba lipi limefikia kuzaa, na mwombeni ruhusa palepale. Msikanyage ndani, kila nyayo yenu ni tope kwenye chumvi ya mtu. Na wale kina mama wanaokwangua chumvi si mandhari ya picha yenu.

Wengi wenu mnakwenda alfajiri kwa sababu mmesoma kwamba mwanga mzuri ni wa alfajiri. Kwa chumvi ni kosa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 chumvi huanza kunywa maji, na asubuhi za pwani yetu hupita hapo bila shida, hivyo mtakuta kona zote zimelainika. Nendeni kuanzia saa nne hivi, hewa ikishakauka na kabla kusi halijapata nguvu. Maji yakitulia, juu yake huelea vipiramidi vilivyopinduliwa, vyenye ngazi ndani na uwazi katikati. Upepo ukivuma, vinazama.

Jua la saa hizo limeshapanda juu na linafanya kila kitu bapa. Mmoja ashike mwavuli kukinga jua, mwingine amulike kwa tochi kutoka ubavuni, chini kabisa, mpaka kila ngazi itoe kivuli. Chembe mkiziokota, ziwekeni juu ya kaniki. Mkipiga weupe mtupu, kamera itadhani mwanga umezidi na itawapa kijivu, basi ongezeni mwanga hatua moja.

Na kwa wanaolalamika kwamba kwenye picha za karibu "sehemu ndogo tu ndiyo inaonekana" vizuri: ndivyo ilivyo. Ukipiga kitu kwa ukubwa wake halisi kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), kwa tundu la lenzi la f/8, eneo linaloonekana kali lina unene wa milimita 1 tu. Ukibana mpaka f/16 unapata kama milimita 2, lakini kwa ukaribu huo tundu linafanya kazi kama f/32 na picha nzima inalegea. Heri kupiga picha nyingi, kila moja ukisogea mbele kidogo, kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Asiye na lenzi ya makro aigeuze ile ya milimita 50 kinyumenyume kwa pete ya kugeuzia.

Mimi nauza samaki. Friza yangu imejaa barafu yenye manyoya mazuri kweli. Inahesabika? (Kilwa Masoko)

Inahesabika, na ni sakitu halali kuliko ya Newala. Zima feni, mulika kutoka ubavuni, piga haraka kabla hewa ya nje haijaiharibu. Lenzi ikianza kuingia ukungu, funga friza usubiri. Ila manyoya mengi namna hiyo yanatokana na hewa yenye unyevu inayoingia kila saa. Kagua mpira wa mlango, unalipia umeme wa bure.

Nikitoka kwenye mashamba ya chumvi nisafisheje kamera? (Msomaji, Mtwara mjini)

Puliza kwanza, usifute. Chembe ya chumvi chini ya kitambaa inakwaruza kioo. Mwili wa kamera ufute kwa kitambaa kilicholowekwa maji yasiyo ya chumvi kikakamuliwa, kisha kikavu. Miguu ya stendi isuuze kwa maji ya bomba, na ichomoe yote, chumvi hujificha kwenye maungio. Lenzi zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, na uvikaushe au uvibadilishe vikilowa. Mchele hausaidii kitu, upikeni.