Udaktari nje ya nchi: uondoke baada ya KCSE au baada ya intanshipu?

Kwa ndugu aliyeuliza: umemaliza fomu foo na mtihani wake wa KCSE, KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, wamekupa udaktari hapa hapa Kenya, ila ajenti anamwambia mama China utaanza Septemba, na mama ashaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja cha Likoni. Lengo lako, umesema mwenyewe, ni kufanya kazi Uingereza.

Mdogo wangu, kaa kwanza. Nilipitia njia hiyo ya kusoma hapa kisha Uingereza, na binamu yangu wa Majengo akapitia ya China, kwa hivyo zote mbili nimeziona.

Binamu alifundishwa kwa Kiingereza darasani, na huko hakuwa na taabu. Taabu ilianza wodini. Mgonjwa Mchina, muuguzi Mchina, faili la Kichina. Alikuwa akisimama nyuma ya profesa, anatafsiriwa nusu, nusu anakisia. Mwaka wa 2020 alikuja likizo, mipaka ikafungwa, akabaki kusomea kliniki kwenye simu sebuleni kwao hadi 2022. Kushona kidonda utajifunzaje kwa simu? Na waliokuwa Ukraine vita vilipoanza Februari 2022 ndio kabisa, walitoka na begi la mgongoni. Alipomaliza na kurudi, akakuta mtihani wa KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kwa waliosoma nje, ndipo aruhusiwe intanshipu, ule mwaka wa mazoezi hospitalini.

Mimi intanshipu niliifanyia hapa hapa Pwani, miezi mitatu mitatu: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Usiku mmoja akaletwa bibi kutoka Kwale, kashika kifua, jasho lamtiririka. "Mwanangu, moyo wanipapa, na mkono huu wa kushoto umekufa ganzi." Nilimuuliza yote kwa lugha yake, tangu saa ngapi, kama anatapika, dawa gani za presha ameacha na kwa nini. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilipotoka nilikuwa nishampigia simu mkubwa wangu. Kazi hii hujifunzwa hivyo, kwa kuuliza mwenyewe na kujibiwa.

Na mwaka huo haupotei. GMC, baraza la madaktari la Uingereza, huuhesabu. Mwenye digrii inayokubalika na intanshipu ya miezi kumi na miwili, akipita mtihani wa Kiingereza, kisha mitihani ya GMC kwa madaktari waliosoma nje, yaani PLAB 1 na baadaye PLAB 2 kule Manchester, anaweza kuomba usajili kamili. Huo wa Kiingereza ukiwa IELTS, wanataka 7.5 kwa jumla, na pasiwe na sehemu iliyo chini ya 7. Usiharakishe kuifanya, maana hudumu miaka miwili tu, na PLAB 2 nayo inatakiwa ndani ya miaka miwili tangu upite PLAB 1. Nimeona watu wakifanya IELTS mwaka wa nne wa chuo, sijui walikuwa wanamkimbilia nani.

Ila kusubiri nako kuna mwisho wake. Ukija kubadili nia utake Marekani, fahamu kwamba programu nyingi za ubingwa kule hazimpendi aliyehitimu miaka mingi nyuma. Uingereza kwenyewe ushindani wa nafasi za ubingwa umekuwa mkali sana. Usajili si kazi, wasikuambie vingine.

Najua utanitupia mgomo wa 2024. Ni kweli, madaktari waligoma kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na moja ya sababu ilikuwa hao hao waintani: serikali ikitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za makubaliano ya 2017. Kupangiwa kituo pia kunaweza kuchelewa. Lakini aliyesoma nje akarudi anapanga foleni hiyo hiyo, tena baada ya mtihani.

Kuondoka sasa ningekuunga mkono kwa mambo mawili: umepata ufadhili kamili, au unataka kuishi na kufanya kazi nchi hiyo hiyo unayosomea, na lugha yake umeanza kuimeza. Wewe huna hata moja.

Mama mweleze taratibu, usimvunje, yeye anatafuta heri yako. Ajenti mwombe jina kamili la chuo kwa maandishi, mkaulize KMPDC kama wanakitambua, kabla mnunuzi hajaletwa kuona kiwanja. Na nafasi yako ya KUCCPS, nenda ukaripoti chuoni tarehe uliyopewa, usiipoteze kwa ahadi ya Septemba.