Kabla hujanunua lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya enzi za filamu, kagua mafuta

Mwaka juzi nilinunua Micro-Nikkor, lenzi ya makro ya Nikon ya milimita 55, ile ya f/2.8, kwa mtu aliyefunga studio yake hapa Moshi. Kwa nje inang'aa. Nikapanda nayo Kibosho hadi kihambani (shamba la nyumbani), kahawa imechanua, nyuki tele. Kila picha ikatoka nyeupe pe! Nikadhani kamera imekufa.

Kumbe mafuta. Lenzi hii inajulikana kwa ugonjwa huo: grisi ya ndani huvuja hadi kwenye vile vibati vyembamba vinavyobana tundu la mwanga. Ukichagua f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) vinatakiwa vijifunge kufumba na kufumbua. Vikilowa mafuta vinajikokota, na picha inapigwa tundu likiwa bado wazi. Basi kabla hujatoa hela, zungusha pete ya tundu hadi f/16, sukuma kile kiwiko kidogo cha nyuma ya lenzi, kisha kiachie. Vibati virudi palepale. Vikisitasita, punguza bei au ondoka. Mulika pia na tochi ya simu: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Vumbi kidogo lisikutishe.

Yangu ilisafishwa na fundi, kwa pesa iliyokaribia kununua nyingine. Sikujutia (mke wangu ana maoni yake).

Nikon ndogo kama D3200 yangu hazipimi mwanga kwa lenzi hizi; weka M (unapanga mwanga mwenyewe), piga, tazama, rekebisha. Mwenye Sony isiyo na kioo cha ndani anahitaji adapta tupu tu, yaani pete isiyo na kioo ndani: lenzi ya Nikon hukaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa (kibamba kinachonasa picha), ya Sony 18, na adapta inajaza pengo. Ila lenzi za Nikon za kabla ya 1977 ambazo pete yake ya tundu haikurekebishwa usizifunge kwenye Nikon D7000. Zinaweza kuvunja kijino kidogo kilicho pembeni ya mdomo wa kamera.

Kuhusu fokasi, acha kuhangaika na pete yake. Izungushe hadi mwisho wa karibu, pale mdudu anapotua kwenye sensa kwa nusu ya ukubwa wake halisi, kisha sogea wewe, mbele na nyuma, taratibu, huku ukipiga. Hapo mwanga unapungua zaidi ya nusu, kwa hiyo pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila huruma. Mimi huegemea mgomba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka, nyuki bado wazito kwa baridi. Na usiseme utaenda wiki ijayo: ua la kahawa halikai siku nyingi.