Jibu: King'ora kikilia, usikimbilie shuleni

Usiende shuleni. Naanza hapo bila salamu, mdogo wangu, kwa sababu umeandika kwamba mkihamia Pennsylvania, ndani ya maili 10 kutoka mtambo wa nyuklia, mpango wako ni kuwasha gari mara tu king'ora kitakapolia, kuwatoa watoto darasani na kushika barabara ya Maryland. Mpango huo ninaujua, kwani ndio ulionipotezea kazi.

Wakati huo nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, mtu asiyeweza kutoka kitandani bila kunyanyuliwa. Bwana mmoja wa kwetu, ambaye katika kila hafla hujifanya mwenyeji wa Marekani nzima, alikuwa ametuhakikishia kwamba king'ora kina maana moja tu: mtambo umepasuka, mwenye miguu akimbie. Basi kikalia mchana nikiwa namlisha mzee uji. Niliweka kijiko, nikamwambia narudi sasa hivi, nikatoka mbio. Nilifika shuleni nikiwa na glovu za kazi mikononi na kandambili miguuni, nikipaza sauti nipewe mwanangu, na katibu aliyekuwa akila mkate mezani pake akanieleza kwa upole kwamba lile lilikuwa jaribio, na kwamba tarehe yake imo katika kalenda ambayo kila nyumba ya eneo lile hutumiwa kwa posta. Kalenda hiyo nilikuwa nayo, na nisije nikaambiwa sikuitumia: niliikunja vizuri nikaiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni iliyokuwa ikiyumba.

Niliporudi, binti wa mzee alikuwa ameshafika na uji umeshapoa. Wakala aliyeniajiri hakutaka maelezo, kwa kuwa kumwacha peke yake mgonjwa asiyejiweza ni kosa lisilo na utetezi, na kusema kweli ningekuwa binti yule ningefanya vilevile. Kazi iliishia siku hiyo hiyo, kodi ya nyumba nikailipa kwa mikopo ya aibu, na kila nilikoomba kazi nyingine nilikuta habari zangu zimenitangulia. Yule bwana mjuzi nilipomfuata alinijibu kwamba yeye alikuwa akizungumza kwa ujumla. Laiti huo ujumla wake ungelipa kodi!

King'ora hakimwambii mtu akimbie. Kinamwambia afungue redio au televisheni asikilize tangazo, kwa sababu huenda ni jaribio, na hata kama si jaribio, amri inaweza kuwa kubaki ndani, kufunga madirisha na kuzima feni. Mtambo hutoa taarifa na mapendekezo, lakini wenye kuamua kama watu wahame ni serikali ya jimbo na kaunti. Utaratibu huu ulizaliwa na vurugu za Three Mile Island, mtambo wa nyuklia wa pale pale Pennsylvania, ambako ajali ilitokea tarehe 28 Machi 1979. Siku mbili baadaye Gavana Dick Thornburgh aliwashauri wajawazito na watoto wasiofikia umri wa shule waliokuwa ndani ya maili 5 waondoke. Walioambiwa walikuwa elfu chache tu. Walioondoka walikadiriwa kufikia 140,000. Sasa fikiria umati huo ukiwa na wazazi wanaopita kinyume kuelekea shuleni, huku mabasi ya kuwahamisha wanafunzi yakihitaji barabara ile ile.

Na mabasi hayo yapo. Mipango mingi ya dharura huelekeza watoto wa shule wahamishwe mapema, hata kabla umma haujaambiwa uondoke, wapelekwe shule nyingine nje ya eneo la maili 10, na wazazi wawachukulie huko. Kwa hiyo ukikimbilia shuleni unaweza kukuta geti limefungwa na mwanao ameshafika mahali salama, wakati wewe ndiye umebaki ndani ya eneo la hatari. Wanaodhani kwamba kukimbia hakudhuru waulize Fukushima, kule Japani, ambako baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia mwaka 2011 wagonjwa wengi wazee walikufa kutokana na kuhamishwa kwa pupa, wala si kwa mionzi. Kila ninaposoma habari hiyo namkumbuka mzee wangu na uji wake.

Uliuliza pia kama nyuklia ina mustakabali, maana umesikia kwamba kinu namba 1 cha Three Mile Island, ambacho si kile kilichopata ajali na kilifungwa mwaka 2019, kitafufuliwa ili umeme wake ununuliwe na Microsoft. Mimi naona jibu liko katika mtambo wa nyuklia wa Shoreham, kwenye kisiwa cha Long Island, New York. Mtambo ule ulikamilika kwa gharama ya dola bilioni 6 hivi, lakini haukuwahi kuanza biashara ya umeme, kwa kuwa kaunti ya Suffolk ilisema watu hawawezi kuhamishwa salama kutoka kisiwani, na serikali ya jimbo ikaiunga mkono. Kinu kisicho na mpango wa dharura unaokubaliwa na majirani zake ni chuma cha bei ghali tu.

Vidonge vya iodidi ya potasiamu ni bure kwa wakazi wa eneo lenu, lakini hulinda tezi ya shingoni peke yake dhidi ya iodini yenye mionzi na humezwa pale serikali inapotangaza, kwa hiyo visikupe kiburi cha kuacha redio. Leo, kabla hujasaini mkataba wa nyumba, omba kijitabu cha dharura katika ofisi ya kaunti, utafute shule ya wanao na mahali watakapopelekwa, kisha uandike hapa umeona nini.