Tundu la USB-C lisilotoa picha

SWALI: Nilinunua adapta ya USB-C kwenda HDMI pale Luthuli Avenue ili niunganishe laptopu na runinga. Tundu hilo huchaji simu vizuri, lakini runinga inabaki nyeusi. Je, adapta ni mbovu? – Msomaji, Umoja

JIBU: Huenda adapta ni nzima. Umbo la USB-C halikuambii tundu linafanya kazi gani. Mengi hupitisha data na umeme tu. Angalia kando yake. Mshale wa radi ni Thunderbolt, na herufi D iliyounganishwa na P ni DisplayPort. Yote mawili hutoa picha. Radi iliyochorwa ndani ya betri ni ya kuchaji, usichanganye. Herufi SS pekee huonyesha kasi ya data. Pasipo alama, soma modeli chini ya laptopu, kisha utafute “DisplayPort Alt Mode” (yaani uwezo wa tundu la USB-C kutoa picha) katika maelezo ya mtengenezaji.

Kama haipo, tafadhali usipoteze pesa kwa adapta nyingine ya aina hiyo, hata iwe ghali. Tumia tundu la HDMI likiwapo. La sivyo, itisha adapta ya DisplayLink, ambayo hupitisha picha kama data ya USB, na usakinishe programu yake. Kwa hati na slaidi inatosha. Michezo ya kasi hukwamakwama.