Usiwachome Viwavi wa Shikangania

Ukiishi karibu na Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, na una mti wa shikangania (Bridelia micrantha) shambani, ipo siku utakuta viwavi wanashuka kwenye shina, mmoja nyuma ya mwingine kama watoto wa nasari wakivuka barabara. Wengi hapa kwetu hukimbilia mafuta ya taa na kiberiti. Mimi huwaacha wapite. Hao ni Anaphe panda, nondo wa hariri ya mwituni.

Ila usiwashike. Manyoya yao huwasha vibaya, na mwanangu wa mwisho hakuamini mpaka alipomwokota mmoja. Ukiguswa, usijikune. Bandika selotepu palipowasha, ibandue itoke na manyoya, kisha osha kwa sabuni. Yakiingia jichoni, nenda hospitali.

Nondo jike ana mabawa meupe yenye michirizi ya kahawia. Hutaga mayai kwa fungu chini ya jani, akayafunika kwa manyoya ya tumbo lake mwenyewe. Watoto wakitoka hula pamoja, hulala pamoja, na wakishakomaa hufuma kiota kimoja cha kahawia. Nilikata kimoja kwa kisu: nje ni ganda gumu la nyuzi zilizoshikana, ndani vifukofuko vimebanana, kila kiwavi na chake. Ujirani wa namna hiyo hata kwenye ploti za kupanga huupati.

Wanaoangamia zaidi ni wadogo. Ndege, siafu na nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi huwamaliza tawini. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, walifanya kazi na wakulima wa Kakamega kuwafunika kwa neti, na mimi nafanya hivyohivyo: nalivika tawi zima neti na kuifunga chini kwa kamba. Majani yakiisha, wahamishie tawi jingine, na usinyunyize dawa ya wadudu karibu.

Kiota usikitoe mapema. Subiri nondo watoke. Hariri hii haikokotwi kama uzi mmoja mrefu. Huchemshwa kwa magadi ilainike, kisha husokotwa kama pamba, kwa hiyo tundu alilotokea nondo haliharibu kitu. Vaa glavu na barakoa unapokifungua, kwa sababu manyoya hubaki humo. Na kwa viota vilivyo ndani ya msitu wa serikali, ongea kwanza na maafisa wa misitu.