Kitunguu saumu: ponda, subiri, ndipo uinjike

Menya punje ya kitunguu saumu bila kuikata, kisha inuse. Harufu ni ndogo mno. Sasa iponde kwa bapa la kisu: harufu inakupanda puani papo hapo. Sehemu kubwa ya faida zinazosifiwa za kiungo hiki inatokana na badiliko hilo la sekunde chache, na jikoni ndiko linakoharibiwa.

Punje nzima haina alisini, kemikali ya salfa inayoleta harufu hiyo kali. Ina alini, kemikali ya salfa isiyo na harufu, na katika seli nyingine imehifadhi kimeng'enya kiitwacho alinasi. Ukiponda, kuta za seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana na alisini inazaliwa. Kwa mmea hii ni silaha dhidi ya wadudu na ukungu. Sisi tumedandia tu. Alisini ilitengwa Marekani mwaka 1944 na Chester Cavallito na John Hays Bailey, walioonyesha kuwa inaua bakteria maabara.

Tatizo ni kwamba alinasi haistahimili moto wala asidi kali. Anayemeza punje nzima kama kidonge anapata alisini kidogo, kwa kuwa asidi ya tumbo inakizima kimeng'enya. Anayetumbukiza punje nzima kwenye mchuzi unaochemka anakiua kabla hakijafanya kazi. Kwa hiyo ponda kwanza kwenye kinu pamoja na chumvi kidogo, au kwaruza kwenye matundu madogo ya kikwaruzo, uache kwa dakika 10, ndipo uinjike. Kukata vipande vikubwa hakutoshi, seli nyingi zinabaki nzima. Limau na siki navyo vingoje dakika hizo ziishe.

Hata alisini yenyewe haidumu motoni. Ninachoshauri ni kugawa: nusu ikaangwe mwanzoni kwa ajili ya ladha, nusu iingie dakika 2 kabla ya kuepua. Ya kukaanga iwekwe baada ya kitunguu maji kulainika, moto mdogo, sekunde 30 hivi. Ikigeuka kahawia iliyokolea inakuwa chungu, na uchungu huo hautoki hata uongeze nyanya. Kiasi? Punje 1 au 2 kwa siku, takriban gramu 4, zinatosha mtu mzima.

Usitarajie miujiza. Kwa wenye presha ya juu, kitunguu saumu huishusha kiasi, na lehemu (kolesteroli) hupungua kidogo kwa baadhi ya watu. Ushahidi kuhusu mafua ni hafifu. Hakuna sababu ya kuacha dawa ulizoandikiwa.

Tahadhari kubwa zaidi ni damu: kitunguu saumu hupunguza kuganda kwake. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amweleze daktari kabla ya kuanza kula kitunguu saumu kingi au kumeza vidonge vya kitunguu saumu, na anayesubiri upasuaji aviache vidonge hivyo angalau siku 7 kabla. Vidonge hivyo pia hushusha kiwango cha sakwinaviri, dawa ya VVU, mwilini. Na tafadhali, usifunge kitunguu saumu kibichi kwenye kidonda au kwenye ngozi ya mtoto. Kinaunguza kama moto, malengelenge na yote.

Chupa ya punje zilizolowekwa kwenye mafuta na kuachwa kabatini ni hatari ya kweli. Mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaopoozesha mwili, hutoka udongoni. Ndani ya mafuta hakuna hewa wala asidi ya kuwazuia, nao hutengeneza sumu isiyo na harufu wala rangi. Mwaka 1985, Vancouver nchini Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu hiyo. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku 4 au gandisha. (Punje ulizoloweka kwenye siki zikigeuka bluu au kijani usizitupe, ni salfa tu inacheza na asidi.) Vichwa vizima vinataka pakavu penye hewa.

Kuhusu harufu ya mdomo, mswaki hausaidii sana kwa sababu kemikali moja ya salfa huingia kwenye damu na kutokea mapafuni kwa saa nyingi. Kunywa maziwa pamoja na chakula, si baada yake, au tafuna tufaha bichi au majani ya mnanaa.