Swali la Lugha: Joto au halijoto?

Swali: Nimejaribu mifumo miwili ya kupoza kompyuta kwa maji. Kwenye ripoti nimeandika, "Mfumo wa pili umepunguza joto la prosesa kwa nyuzi 8." Mwenzangu anasisitiza niandike "halijoto". Je, si kitu kimoja?

Jibu: Mwenzako amesema kweli. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema joto limefika nyuzi 30 na tunaelewana. Sioni haja ya kumsahihisha mtu anayezungumzia hali ya hewa. Ripoti ya jaribio ni jambo jingine, kwa sababu hapo yote mawili yapo na hayaendi pamoja.

Joto ni nishati inayotoka kwenye prosesa, na kasi ya kutoka kwake hupimwa kwa wati. Halijoto ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto, kwa nyuzi. Prosesa inayotumia wati 200 hutoa joto la wati 200 hivi, iwe imefungiwa mfumo wa kwanza au wa pili. Kwa hiyo sentensi yako inaeleza kwamba prosesa imeanza kula umeme pungufu kuliko awali, na sivyo ulivyokusudia! Andika: "Kwa mzigo uleule wa wati 200, halijoto ya prosesa ilikuwa chini kwa nyuzi 8."

Angalia pia upatanisho: joto limepanda, lakini halijoto imepanda, kwa kuwa neno hili hufuata "hali".

Kitenzi nacho kina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Maji huchelewa kupata moto, na halijoto yake huendelea kupanda muda mrefu baada ya ile ya prosesa kuonekana imesimama. Ukiandika "ilifika nyuzi 61", msomaji hajui kama iliendelea kupanda. "Ilitulia kwenye nyuzi 61" inamwambia kwamba ulisubiri.

Taja na halijoto ya hewa inayoingia kwenye rejeta, yaani kifaa ambamo maji hupozwa kwa hewa. Hewa ikiwa nyuzi 25 na maji 35, andika "maji yalikuwa nyuzi 10 juu ya hewa", maana chumba kikiongezeka nyuzi 5, maji nayo hupanda karibu kiasi hicho hicho. Usiandike kamwe kwamba nyuzi 60 ni joto mara mbili ya nyuzi 30: sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, si mahali joto linapokwisha.

"Kupoza" umeliandika sawasawa. Wanaoandika "kupooza" huwapeleka wasomaji wengi kwenye maradhi ya viungo.